Mlipe Fundi kwa Kuangalia

Desemba iliyopita nilishuka Bungoma kutoka Texas, na kabla sijamaliza kikombe cha chai shangazi alinishika mkono akanipeleka dukani kwake, karibu na Kanduyi. Friji yake ya soda ilikuwa inakata. Inanguruma dakika mbili, inalia tik, inanyamaza. Baada ya muda inanguruma tena, tik, kimya. Soda zilikuwa vuguvugu na wateja walishaanza kuvuka barabara kwenda kwa jirani. Fundi alikuwa amekuja mara mbili na mtungi wake, na mara zote mbili aliongeza gesi akalipwa shilingi 3,000. "Wewe ndiye unayefanya kazi hii huko ng'ambo," shangazi akaniambia. "Sasa niambie, mwanangu, gesi yangu huwa inaenda wapi?"

Gesi ya friji si petroli. Haichomwi, na haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la ndani na kulitupa nje, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua kuna tundu, na tundu lisipozibwa hata mitungi kumi haitasaidia. Nilimweleza hivyo, lakini sikugusa mtungi wala spana. Nilivuta kiti, nikakaa ubavuni mwa friji, nikaangalia saa.

Tabia hiyo ya kukaa na kuangalia nimefundishwa na kazi yangu ya Texas. Ninatengeneza viyoyozi vya nyumba-gari, yale magari makubwa kama basi yenye kitanda, jiko na choo, ambayo Wamarekani wengi huyanunua wakistaafu wakaanza kuzunguka nchi yao. Juu ya paa huwa na kiyoyozi kimoja au viwili, aghalabu cha BTU 13,500 au 15,000. Katika magari mengi yenye viwili, vyote hupuliza baridi kwenye njia moja ya hewa iliyopitishwa ndani ya dari, yenye matundu kuanzia kwa dereva hadi chumbani. Mwezi wa Agosti, joto likipita nyuzi 38, simu ninazopigiwa zinafanana: kiyoyozi kinawaka, kinakata, kinawaka, kinakata, na ndani hakupoi.

Mara nyingi kosa ni hewa inayorudi ilikotoka. Chini ya kiyoyozi, kwenye unene wa dari, kuna nafasi mbili zilizopakana. Moja inateremsha hewa baridi kwenye njia, nyingine inavuta hewa ya chumbani ipande ikapozwe. Kati yake kuna kizuizi chembamba. Gari likitikisika barabarani miaka michache, kizuizi huachia. Pengine hata kiwandani hakikuzibwa vizuri. Basi hewa baridi inapenya ufa na kuvutwa tena juu kabla haijafika chumbani. Koili inapokea hewa iliyokwisha kupoa, inaanza kuganda barafu, na kihisi kinazima kompresa. Au thamostati iko karibu na ule ufa: inahisi baridi, inaamini nyumba nzima imepoa, huku wenye nyumba wanatokwa jasho kitandani.

Njia ya pamoja ina ugonjwa wake wa ziada. Ukiwasha kiyoyozi cha mbele peke yake, hewa yake inafika nyuma, inakikuta cha pili kimezimwa, na kama hakuna mlango wa kuizuia inapanda humo kinyumenyume na kutokea kwenye chujio. Thamostati ya nyuma nayo inadanganyika. Watu wengi hufunga matundu ya sebuleni wakitaka baridi yote iende chumbani, kumbe wanazidisha tatizo, maana hewa iliyokosa pa kutokea hutafuta kila ufa.

Kwa hiyo ninaanza na vipimajoto viwili. Kimoja nakiweka katikati ya chumba, kingine nakipenyeza juu ya chujio, pale hewa inapokaribia koili. Chumba kikiwa nyuzi 30 na pale juu nyuzi 24, sina haja ya kutafuta zaidi: baridi inavuja ndani kwa ndani. Nafungua kifuniko, naziba ufa kwa utepe wa alumini, napima tena. Hewa inayotoka ikiwa baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 9 hadi 12 hivi, mashine ni nzima. Viyoyozi vingi vya aina hii havina hata mdomo wa kujazia gesi. Kiwanda kilijaza kikafunga, na fundi hulazimika kufikiri. Isitoshe, sheria ya Marekani haimruhusu mtu asiye na cheti kushika gesi hiyo, na kuiachia hewani ni kosa.

Turudi Kanduyi. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeona nilichotaka kuona. Mwaka juzi shangazi alinunua friza ya samaki, na kwa sababu duka ni dogo aliibana kando ya friji. Feni ya friza ilikuwa inapuliza joto lake lote chini ya friji, na friji inalivuta hilo hilo ikitaka kujipoza. Kule Texas baridi ndiyo iliyokuwa inajirudia. Hapa ni joto. Malori ya Malaba yanapita mbele ya duka mchana na usiku, na vumbi lake lilikuwa limejaa kwenye koili ya chini hadi likawa kama blanketi. Kompresa ilikuwa haishikiki kwa moto. Ile tik aliyoisikia shangazi ni kinga ya kompresa ikikata stima ili mota isiungue. Ikipoa kidogo inairuhusu iwake, na mateso yanaanza upya. Gesi iliyoongezwa mara mbili ilipandisha shinikizo, na kompresa ikazidi kuchemka. Alilipa shilingi 6,000 kuumiza friji yake.

Kulikuwa na kosa la pili, na hili lilinisikitisha zaidi. Shangazi alikuwa na friji gadi, ile ya kuchomeka ukutani, lakini ilikuwa imetupwa kwenye rafu. Aliambiwa inachelewesha friji kuwaka. Ni kweli inachelewesha; hiyo ndiyo kazi yake. Kompresa ikizimika, upande mmoja wa mabomba unabaki na shinikizo kubwa na mwingine dogo, na pande hizo huchukua dakika kadhaa kulingana kupitia kijibomba chembamba kama sindano. Ukiiwasha kabla, inasukuma dhidi ya ukuta: mota inakwama, inavuta stima mara tano au sita ya kawaida, na kinga inakata. Stima ikipotea na kurudi papo hapo, kama ilivyofanya mara mbili siku ile, friji isiyo na gadi inapata kipigo hicho kila mara. Wenye nyumba-gari waangalifu nao wana kifaa cha namna hii, kwa sababu kwenye kambi zilizojaa, kila mtu akiwasha kiyoyozi, volti 120 zao hushuka hadi kompresa zinashindwa kuanza. Nyumbani tumekuwa nacho muda mrefu, kimezoeleka, kinauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya stima. Kwa hili sisi tuko mbele, na sielewi kwa nini tunakidharau.

Gesi ya ziada ilibidi itolewe, na hilo sikutaka kulifanya bila vifaa. Nilimpigia fundi mmoja wa Kitale, binti aliyesomea kazi hii katika Kitale National Polytechnic. Alikuja na matatu kupitia Kiminini na Kamukuywa, amebeba mtungi mtupu, mita, na mizani ndogo. Mizani ndiyo iliyonifurahisha. Kila friji ina kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, na anayejaza bila kupima anabahatisha. Alisoma kibandiko, akatafuta tundu kwa povu la sabuni asilione, akaihamishia gesi kwenye mtungi wake, akanyonya hewa iliyobaki, akarudisha gramu zilizoandikwa. Tuliisogeza friza hadi ukuta wa pili, tukasugua koili kwa brashi, tukaivuta friji mbele ipumue. Gadi ikarudi ukutani. Taa nyekundu, kisha ya manjano, na shangazi akiwa amesimama mikono kiunoni, ikawaka ya kijani.

Ugomvi ulikuja kwenye malipo. "Lakini mwanangu, hukuweka kitu kipya," shangazi alimwambia yule binti. "Umeangalia, ukasugua." Binti akajibu kwa upole, "Mama, kuangalia ndiyo kazi." Nilisimama upande wake, na bado niko hapo. Texas, mteja analipia uchunguzi hata kama sikubadilisha skrubu moja, na anajua hivyo kabla sijafika. Kwetu anayeangalia tu huonekana amepita kusalimia. Fundi wa kwanza alijua kwamba asipotoa mtungi ataenda na nauli peke yake. Simtetei, lakini sisi wateja ndio tuliomfundisha kuanza na gesi.

Na si kwamba watu wetu hawaijui hewa. Baba yangu kule Kiminini hajawahi kuingia darasa la friji, lakini ghala lake la mahindi ni jembamba na refu, kuta zake za fito zina nafasi, na ubavu wake mrefu umetazamana na upepo. Ukimuuliza kwa nini halikujengwa nene, atakwambia upepo hautafika katikati na mahindi yataoza. Asubuhi niliyomweleza habari za duka la dada yake aliuliza swali moja tu: "Kwani joto la ile friza lilikuwa linatokea wapi?"

Fundi akija kwako wiki hii, mwonyeshe mashine ikiwaka na ikizima, umwache akae nayo. Kubaliana naye bei ya kuchunguza kabla hajafungua chochote. Akitaka kuongeza gesi, mwulize tundu liko wapi na gramu ni ngapi. Na akikwambia usogeze tu friji na kupangusa vumbi, mlipe.