Chumba cha Mama Melini

Katika kamati ya msikiti wetu, mara nyingi sisi ndio wa kwanza kumkumbusha imamu asirefushe sala. Dalili yetu ni agizo la Mtume (s.a.w.) kwa Uthman bin Abil-As alipomfanya imamu wa watu wake: awapime kwa aliye dhaifu zaidi miongoni mwao. Likizo iliyopita Allah alitupa mtihani wa agizo hilo hilo ndani ya meli, nasi tukashindwa.

Tulikuwa tukisafiri na familia usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba kuwazuru ndugu. Tulipokwenda kukata tiketi, watoto walitaka chumba cha juu, upande wa omo, wapate kuyaona mapambazuko ziwani. Tukakubali papo hapo. Mama yetu mzazi, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, hatukumwuliza. Naye kwa haya zake hakusema neno.

Usiku wa manane upepo ukavuma. Chombo hupanda na kushuka zaidi kwenye ncha zake kuliko katikati, na huyumba zaidi juu kuliko chini. Mama alitapika mpaka alfajiri. Maliwato yalikuwa chini ya ngazi, na kila aliposhuka ilibidi tumshike huku na huku. Sala ya Alfajiri aliisali kwa kukaa. Tulipomwomba radhi alisema tu, "Wanangu, mngeniuliza."

Wahenga walinena: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Safari ya kurudi tulitafuta chumba cha katikati ya meli, ghorofa ya chini, karibu na maliwato na mbali kidogo na ngurumo ya injini. Mama akapewa kitanda cha chini, watoto vya juu. Tulikula mapema, chakula chepesi, tukachukua tangawizi, maji na shuka zetu. Aliyehisi kichefuchefu tulimtoa nje apate hewa na kutazama mbali. Kwa kuwa chumba kilikuwa chetu peke yetu na kina komeo, wanawake waliweza kuvua mabuibui na kupumzika kwa stara.

Kibla nacho tulikihakiki kabla ya giza. Ukiwa katika Ziwa Victoria, Makka iko kaskazini, kwa kuegemea mashariki kidogo. Na meli ikigeuka, mwenye kusali hugeuka nayo.

Alfajiri tulimkuta Mama amekwisha tawadha, amesimama juu ya msala wake, akitusubiri tusali jamaa. Watoto hawakuyaona mapambazuko kutoka dirishani. Waliyaona baadaye wakiwa nje, wamemshika bibi yao mkono.

Ndugu zetu, kabla ya kutazama bei na dirisha, mtazameni aliye mnyonge katika msafara wenu, kisha mwulizeni. Allah atuwafikishe kuwatendea wema wazazi wetu, nyumbani na safarini. Amin.