Upasuaji wa Mgongo na Unyumba Wetu

Jambo hili halisemwi kanisani wala katika vikao vya akina mama, nasi tumeona tuliseme hapa. Mmoja wetu, baba wa nyumba hii, ndiye aliyepasuliwa mgongo. Mwingine ndiye aliyeshika kalamu. Kila neno tumekubaliana.

Diski ya kiunoni ilitoka mahali pake ikabana mshipa wa fahamu, mguu ukawa unawaka moto usiku kucha. Upasuaji ulikwenda vizuri. Tulielezwa lini aoge, lini aendeshe gari, na kwamba asibebe ndoo. Kuhusu tendo la ndoa hatukuambiwa neno, na mbele ya mama mkwe na wauguzi wenye umri wa watoto wetu, tungeulizaje?

Miezi minne ikapita. Mguu ulipona, lakini uume haukusimama kama zamani. Baba akahamia kwenye godoro sebuleni, akisema kitanda kinamuumiza, hata siku ambazo sote wawili tulijua hakimuumizi. Shangazi akaleta chupa ya mizizi. Jirani akanong'ona kwamba huenda ana mwanamke nje. Mtu asiyeweza hata kuinama kufunga kamba za viatu!

Tulirudi kliniki wawili, tukauliza. Daktari alieleza kwamba mishipa ya fahamu inayotoka chini kabisa ya uti wa mgongo ndiyo inayoongoza kibofu, haja kubwa na kusimama kwa uume. Ikibanwa au kuumia huchelewa kupona, na wakati mwingine haiponi yote. Tena dawa za maumivu alizokuwa akimeza, tramadoli na amitriptilini, zaweza kupunguza hamu na nguvu. Daktari alizipunguza kidogo kidogo. Sildenafili ipo, lakini anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati haruhusiwi kabisa kuimeza, maana shinikizo la damu laweza kushuka vibaya. Basi isinunuliwe kienyeji. Na mgonjwa wa mgongo akipata ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo ukikataa kutoka, apelekwe hospitali saa ile ile, usiku usiku.

Tulifundishwa pia namna ya kulala: mgonjwa chali, mto chini ya magoti, au wote wawili kwa ubavu, na asiye mgonjwa ndiye ajongee. Wapo watakaosema hayo si ya gazeti la Kikristo. Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi habari za haki ya mume na mke, sura ya 7, nasi hatujui kwa nini tuone haya kuliko mtume.

Godoro la sebuleni tumempa kijana wetu. Si kila kitu kimerudi. Siku nyingine mwili hukubali, siku nyingine hukataa, nasi hulala tumekumbatiana tukihesabu ada za shule mpaka mmoja wetu aanze kukoroma.