Besi ya Mwezi Mpevu

Kwaya ya kanisa katika kisiwa kama Mafia hujengwa na watu wa kuja, nayo hubomolewa na barua za uhamisho. Wenyeji wa hapa, kwa sehemu kubwa mno, ni Waislamu. Wakatoliki wengi ni walimu, wauguzi, askari na wavuvi waliovuka bahari kutoka bara. Mwaka nilipokabidhiwa ualimu wa kwaya, chombo kiendacho Nyamisati kilituchukulia wanaume watatu kabla ya Kwaresima. Sauti ya nne ikabaki na mtu mmoja, naye alikuwa na kikohozi.

Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya mwaka 1963, yataka kwaya ziendelezwe kwa bidii, hasa katika makanisa makuu. Letu si kuu. Nilitangaza baada ya Misa kwamba twataka waimbaji. Lakini tangazo la kanisani kila mtu hulisikia, na kila mtu hudhani kwamba anaambiwa jirani yake. Basi nikaenda nyumba kwa nyumba katika mji wa Kilindoni. Akina mama walinipokea vyema. Wanaume walikuwa na udhuru.

Jioni moja, ufukweni, nilimsikia kijana akihesabu ndoo za dagaa kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa ya kifua. Alikuwa Mkatoliki, mvuvi kutoka bara. Alikuja mazoezini mara tatu. Nota hakuzijua, lakini alichoimbiwa mara mbili alikishika. Kisha akatoweka majuma mawili. Sharti langu lilikuwa mazoezi matatu kwa juma. Nikakata jina lake kwa wino mwekundu mbele ya wenzake, nikaona nimetenda haki.

Mwenye nyumba yangu, mzee wa Kiislamu aliyevua tangu utotoni, alicheka nilipomlalamikia.

“Mwalimu, wamdai mtu wa dagaa usiku wa giza? Dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Hapo ndipo utakapompata.”

Nilitahayari. Miaka miwili nilikuwa nimepima siku kwa kalenda ya ukutani, na jirani zangu wakipima kwa mbingu. Hata hivyo niliifungua kalenda ile ile, nikakumbuka jambo nililolifundisha watoto wa katekisimu bila kulifikiri: Pasaka ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Juma Kuu, basi, halikosi mwezi mpevu. Krismasi haina ahadi hiyo. Huangukia giza au mbalamwezi, ipendavyo.

Nilimfuata ufukweni, nikamwomba radhi. Hakuonyesha hasira. Alikuwa akishona wavu, akasema bila kuinua macho:

“Nilidhani, Mwalimu, mmenitoa kwa sababu sijui kusoma.”

Sikuwa nimemwuliza neno hata moja kabla ya kukata jina lake. Nililiandika upya mimi mwenyewe, nikamsomea.

Usiku wa Mkesha wa Pasaka alikuja na wenzake wawili, wakasimama nyuma ya sauti ya tatu, kofia mikononi. Utukufu ulipoanza, Padre aligeuka kututazama. Baada ya siku chache mwezi ukaanza kuchelewa kuchomoza, wakarudi baharini, nasi tukarudi kwa yule mwenye kikohozi.