Kipoza Oili cha Pikapu Yangu

Magari mengi ya mizigo yanayofika Bukundi ni ya gia za mkono, na wenyewe wana sababu. Masika, udongo wetu mweusi wa mbuga hushika tairi kama gundi. Kiangazi, makorongo hukauka na kubaki mchanga mtupu, na kila anayetaka kwenda Mwanhuzi, hospitalini au sokoni, hana budi kuuvuka. Pikapu yangu ni ya otomatiki. Niliinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu nilipostaafu, ikiwa tayari imetumika sana Japani na tena kidogo Mwanza, na nikaichagua otomatiki kwa sababu goti langu la kushoto halipendi klachi.

Ndugu msomaji ambaye hujawahi kuchungulia giaboksi ya namna hii, chukua feni mbili za mezani, uzielekeze uso kwa uso, kisha uwashe moja tu. Upepo wake utaizungusha ile nyingine ijapokuwa haina umeme. Ndivyo injini inavyoisukuma giaboksi ya otomatiki, ila mahali pa upepo pana oili. Gari likienda vizuri kwenye barabara ngumu, feni zote mbili huzunguka karibu sawasawa. Likizama mchangani na mzigo mgongoni, ya kwanza huzunguka sana na ya pili kidogo, na nguvu inayopotea kati yao hugeuka joto ndani ya oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayobana klachi za ndani, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayopoza. Ikiungua, wekundu wake hugeuka kahawia na harufu yake huwa ya kitu kilichosahauliwa jikoni. Hapo klachi huanza kuteleza, na kuteleza kunaongeza joto lilelile lililoanza kuziharibu.

Niliyajua hayo kwa nadharia. Oktoba ya mwaka juzi, saa saba za usiku, jirani alikuja kunigongea. Mkwe wake alikuwa na uchungu tangu mchana na mambo hayakuwa yanaendelea. Tulimlaza nyuma juu ya godoro pamoja na mama mkwe wake na mwanamke mwingine mzoefu. Katika korongo la pili injini ilinguruma na magurudumu yakakataa. Nilizima. Hakuna dawa nyingine ya oili iliyochemka isipokuwa kungoja. Tulingoja dakika arobaini, kwa saa yangu ya mkono, huku nikisikia kila kitu kilichokuwa kikiendelea nyuma. Mama mkwe hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, gari limechoka?" Tulifika, na binti yule akajifungua salama kabla ya jua kuchomoza. Lakini dakika zile sijaacha kuzihesabu.

Wanangu walisema niliuze. Wa Bariadi alikwisha hata kunitafutia mnunuzi. "Baba, umri huo si wa kulala chini ya gari." Hoja yao ilikuwa nzuri, lakini waliisema wakiwa mbali na mlango unaogongwa usiku. Kitongojini kwetu pikipiki zipo nyingi, na kwa mambo mengi zinatosha. Mwanamke mwenye uchungu uliokwama humpakii pikipiki.

Nikaenda kwa fundi mmoja ambaye nilimfundisha darasa la sita. Aliniamkia, "Shikamoo Mwalimu," akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Haijafa," alisema mwishowe. "Lakini tukiiacha hivi itakufa. Kuifungua giaboksi yote ni gharama kuliko gari lenyewe. Tumwage oili, tutie mpya, na tuiwekee kipoza."

Kipoza oili ni rejeta ndogo, ukubwa wa daftari kubwa, yenye mirija na mapezi ya alumini. Tulikipata kwa muuza spea za mtumba, kimetolewa kwenye gari lililopata ajali. Fundi alikijaza mafuta ya taa, akakitikisa, akayamwaga kwenye kitambaa cheupe, akarudia mara tano hata kitambaa kikabaki safi. Vumbi la chuma kutoka giaboksi ya marehemu lingekuja kuiua na yangu.

Tulibishana jambo moja. Katika gari kama langu, oili hupita kwanza ndani ya tangi la chini la rejeta ya maji, ikapoa humo, ndipo irudi. Fundi alitaka tuikate njia hiyo kabisa: rejeta kuukuu ikioza ndani, maji huingia kwenye oili na giaboksi huisha siku hiyohiyo. Nami nilisema kwamba mchangani gari haliendi, upepo ni wa feni tu, na hapo maji hupoza vizuri kuliko hewa. Tulifungua kifuniko cha rejeta: maji hayakuwa na utando wa mafuta. Oili nayo, pamoja na ubaya wake, haikuwa na weupe wa chai ya maziwa. Basi tukakubaliana ipite kwanza kwenye maji, kisha kwenye kipoza, ndipo irudi nyumbani.

Ili kujua mpira upi ni wa kurudi, hakubahatisha. Aliuchomoa mmoja kwenye rejeta, akaweka kidumu chini, akaniambia niwashe na kuzima mara moja. Oili ikaruka kutoka upande wa rejeta. Ndio huo.

Kukifunga kulichukua alasiri nzima. Nimewahi kuona vipoza vilivyofungwa kwa vile vikanda vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya mapezi. Gari linavyotikisika, vinasugua mirija hadi itoboke. Fundi alikata vipande vya chuma bapa kwa msumeno, akavitoboa kwa keekee ya mkono, na kila palipokutana chuma na alumini akaweka kipande cha mpira wa tairi. Aliacha nafasi ya upana wa kidole kati ya kipoza na rejeta. Midomo aliielekeza juu ili hewa isinaswe ndani. Mpira alinunua ule wa oili, si wa maji, ambao oili ya moto huulainisha ukaraaruka; akaupitisha kwa mkunjo mpana, mbali na feni na bomba la moshi, klipu mbili kila mwisho.

Miaka ya mwanzo ya 1980, spea zilipokuwa hazipatikani nchini, nilipanda malori ya pamba yaliyoshikiliwa kwa waya na ngozi ya ng'ombe, na madereva wake walikuwa mafundi kweli. Butimba, nilikosomea ualimu, tulifundishwa Elimu ya Kujitegemea kwa jembe na kuku. Ningependa pangekuwa na spana pia.

Madogo tuliyamaliza pamoja na mjukuu wangu, yeye akishika tochi: sakafu iliyotoboka upande wa abiria tuliiziba kwa bati na ribiti, mnyororo wa mlango wa nyuma ukapata ndoano mpya, taa ya kushoto ikapatiwa waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, ambao ndio uliokuwa umekatika muda wote. Waipa ya abiria bado haifanyi kazi, na mvua zetu zitakapoanza nitaikumbuka.

Kulijaribu, tulipakia mapipa manne ya maji, lita 200 kila moja. Tulivuka lile korongo la pili mara tatu mfululizo, saa nane mchana. Kisha fundi akanichukua mkono, kama nilivyokuwa nikimshika yeye kumfundisha herufi, akauweka kwenye mpira unaoingia kwenye kipoza. Haukushikika. Ule unaotoka ulikuwa kama kikombe cha chai kilichopumzika. Tulipima oili injini ikinguruma taratibu, tukaongeza nusu lita iliyokuwa imekwenda kukijaza kipoza na mipira yake. Ilikuwa nyekundu.

Jioni nilimpigia simu mwanangu wa Bariadi. Alisema mnunuzi wake bado anangoja. Nikamwambia amwambie asubiri msimu wa pamba upite, halafu nikamwuliza kama huko kwake waipa za aina hii zinapatikana.