Jina Nililolipitisha

Nilitia sahihi huku nikijua. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanitafutia udhuru huko mbele. Sikudanganywa, sikushurutishwa, wala sikuhongwa. Mwaka 2014, katika kijiji kimoja kando ya Mto Tana, si mbali na Garsen, kikao cha wazee kililetewa karatasi yenye majina ya vijana waliopendekezwa kuwa polisi wa akiba, wale tuliozoea kuwaita KPR. Jina moja nilipaswa kulikata. Nililipitisha.

Kijana mwenyewe nilimfundisha shule ya msingi. Alikuwa hodari, hanywi, haibi, na akitumwa kazi huimaliza. Ila tangu ghasia za 2012 alikuwa akisema waziwazi, sokoni na hata matangani, kwamba delta ya Tana ni ya Wapokomo peke yao, kwamba Muorma ni mpita njia aliyesahau kuondoka, na kwamba ipo siku kazi iliyoachwa nusu itamaliziwa. Mimi ni Mpokomo. Maneno hayo nilikuwa nikiyasikia, nakunja uso kidogo, kisha naendelea na chai yangu.

Asiyetufahamu aelezwe kazi gani iliachwa nusu. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri. Waorma zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, wengine wakichomwa ndani ya nyumba zao. Mwezi uliofuata zamu ikawa yetu: Chamwanamuma kwanza, halafu tarehe 10 Septemba Kilelengwani, ambako watu 38 walikufa, wakiwemo maafisa wa polisi waliopelekwa kulinda. Serikali ikatangaza kafyu na kuleta askari zaidi ya 2,000. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba Kipao ilivamiwa, Waorma wakauawa tena, na Januari 2013 moto ukarudi kwetu. Chanzo kinajulikana na kila mtu hapa. Mkulima wa Kipokomo anataka hati ya shamba la kando ya mto. Mfugaji wa Kiorma anahofia kwamba hati zikitolewa, malka, yaani njia za kushusha ng'ombe majini, zitafungwa, na mifugo yake ife kiangazi ikiyatazama maji. Mwaka 2001 tulishapigana kwa jambo hilo hilo.

Kwa hiyo mwalimu mstaafu kama mimi, aliyezika majirani, hawezi kusema hakujua maneno ya kijana yule yana uzito gani.

Lakini mwaka 2014 ulikuja na vita vingine. Jeshi la Kenya lilikuwa limeingia Somalia tangu Oktoba 2011, na vita vikatufuata nyumbani. Katikati ya Juni 2014 mji wa Mpeketoni, huko Lamu, ulishambuliwa, watu wapatao 60 wakauawa. Usiku wa tarehe 5 Julai, wapiganaji wa al-Shabaab wa Somalia wakidai ni wao, mji wa Hindi, huko huko Lamu, ulivamiwa, na usiku huo huo kituo cha polisi cha Gamba, hapa kwetu Tana Delta, kikapigwa na polisi kuuawa. Baada ya hapo mabasi ya Lamu yakawa hayatoki bila msafara wa polisi. Ukienda Minjila asubuhi uliwakuta abiria wamekaa juu ya mizigo yao, mabiringanya yakinyauka kwenye magunia, kondakta akimuuliza kila askari anayepita kama gari la kusindikiza limefika. Mtu aliyeona kituo cha polisi chenyewe kimeshindwa kujilinda alijua usiku wa kijijini ni wake na Mungu wake.

Ndipo karatasi ikaja. Polisi wa akiba wakati ule hakuwa askari wa mshahara. Alikuwa mwanakijiji aliyependekezwa na wazee na chifu, akapekuliwa na kituo, akapewa bunduki ya serikali na risasi za kuhesabu, kisha akarudi kulala kwake. Kwa serikali ndiye aliyekuwa mlinzi wa bei rahisi kuliko wote: hakulipwa, hakujengewa nyumba, hakuhitaji ramani. Kwenye kikao, mzee mmoja ndiye pekee aliyeinua mkono. Alisema, "Huyu kijana msimpe bunduki. Adui yake hayuko Somalia, yuko ng'ambo ya mto." Kimya kikatanda. Afisa aliyekuwa amekuja na karatasi akatabasamu, akanigeukia mimi. "Mwalimu, mnataka malaika? Malaika hawakeshi na bunduki."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Kisha nikasema maneno ambayo leo ningelipa ng'ombe kuyanunua yarudi: "Huu ni wakati wa vita. Tumchukue anayethubutu, tabia tutamrekebisha baadaye." Wazee waliniheshimu kwa kuwa ndiye niliyesoma. Baada yangu hakuna aliyepinga tena.

Nilichokisema kikaoni wengine wanakisema katika ofisi kubwa kuliko zetu. Septemba ile ile tuliyokuwa tukizika Kilelengwani, jeshi letu lilikuwa likiingia Kismayo bega kwa bega na wapiganaji wa Ras Kamboni wa Ahmed Madobe, mtu aliyekuwa gavana wa mji huo mwaka 2006 chini ya Muungano wa Mahakama za Kiislamu, kundi lililoutawala wakati ule. Adui yetu alikuwa adui yake, basi jana yake ikasamehewa. Ukraine nayo, ilipovamiwa mwaka 2014, iliwakuta miongoni mwa watu wa kwanza kukimbilia mstari wa mbele wazalendo wa mrengo mkali wa kulia. Andriy Biletsky, ambaye siasa zake za ubaguzi wa rangi hazikuwa siri, alianzisha kikosi cha Azov mwezi Mei, na kufikia Novemba kikosi kilikuwa ndani ya Walinzi wa Taifa. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilikataza fedha zake zisiwafikie. Juni 2024, vita vikiwa vimekomaa na Azov ikiwa imejengewa sifa na mapigano ya Mariupol, Washington ikaondoa zuio la silaha, ikisema imechunguza na haikuona ushahidi wa maovu.

Sifananishi uovu kwa uovu. Nafananisha hesabu. Serikali inayojiita ya haki na usawa, ikishikwa koo na vita, hugundua kwamba watu waungwana hukawia. Wana familia, wana mashaka, wanataka kujua sheria inasemaje. Mwenye chuki alikuwa tayari kabla vita havijaanza. Amekwisha kupanga watu wake, hahitaji kushawishiwa, na haogopi kufa. Mkuu anayehitaji watu jioni hii atamchukua aliye mlangoni. Kumkataa kuna gharama ya leo, kumkubali kuna gharama ya kesho, na huenda kesho ofisi itakuwa na mtu mwingine.

Katiba yetu ya 2010 haikuwa na upungufu. Kifungu cha 238 kinataka uandikishaji katika vyombo vya usalama uakisi makabila na jamii zote za Kenya kwa usawa, na cha 239 kinavikataza vyombo hivyo kuegemea upande. Nilikuwa nikiwafafanulia wanakijiji vifungu hivyo kwa kujigamba wakati wa kura ya maoni. Orodha yetu ilikuwa ya Wapokomo watupu. Tulisema ni kijiji cha Wapokomo, sasa tuandike nani?

Kijana alipewa bunduki. Miezi ya mwanzo nilijisifu moyoni, maana kweli alikesha, na watu walilala. Al-Shabaab hawakupita kwetu. Kiangazi kilipokaza, ng'ombe wakaanza kushuka mtoni kama ilivyo desturi, na hapo mlinzi wetu akapata kazi aliyoitamani. Alisimama kwenye malka. Mchungaji aliyetaka kupita alitoa mbuzi, au hela, au aligeuza kundi. Siku moja kijana mdogo wa Kiorma alibisha. Alipigwa kwa kitako cha bunduki, na mtamba wake akapigwa risasi pale pale kwenye tope, miguu ya mbele ikiwa tayari imo majini.

Mama wa mchungaji huyo nilimjua. Ndiye aliyekuwa akituletea maziwa kwa mtumbwi, kibuyu kimefunikwa kwa jani, na mke wangu akimpa ndizi na mchele. Alikuja kwangu bila maziwa. Hakulia, hakupaza sauti.

"Mwalimu, ile bunduki ni ya serikali au ni yenu?"

Nikamjibu ni ya serikali. Akanitazama mpaka nikaangalia chini. Akaondoka, na hakurudi tena kutuuzia maziwa.

Nilikwenda kituoni kulalamika. Nilijibiwa kwamba jina lililetwa na wazee na sahihi yangu ipo. Nikarudi kwa wazee, wakasema kituo ndicho kilichompekua. Chifu akasema yeye hupitisha tu kinachotoka chini. Kila mmoja alikuwa ameegemea kwa mwenzake, na aliyebaki amesimama peke yake ni yule mwenye bunduki. Nilipopendekeza anyang'anywe, nikaulizwa swali ambalo sikuwa na jibu lake: nani atathubutu kwenda kuichukua, na usiku huo nani atalinda?

Ng'ambo nako wakapeleka orodha yao. Walikuwa na haki: kama upande mmoja una bunduki za serikali, mwingine ukae na fimbo? Wakapata. Basi serikali moja ikawa imesimamisha majeshi mawili yanayotazamana juu ya maji yale yale, kila moja likiwa na muhuri halali. Mwaka 2019, serikali ilipoagiza polisi wa akiba katika kaunti kadhaa warudishe silaha wachujwe upya, nilifurahi kwa aibu, kwa sababu ilikuwa ikihangaika kufungua fundo ambalo watu kama mimi tulilifunga.

Nimejiuliza kama kosa langu lilikuwa kumwingiza tu. Sidhani. Jeshi linaweza kumchukua mtu mwenye chuki likamtia chini ya kamanda asiye wa kabila lake, likamlaza bweni moja na wale anaowachukia, likamhamisha mbali na ugomvi wa kwao, na likampeleka mahakamani siku ya kwanza anapokosea. Hapo pengine atabadilika, au walau atadhibitika. Sisi tulimpa bunduki na kumwacha kwenye mto ule ule, na watu wale wale, na kisasi kile kile, bila mkubwa wa kumwuliza jioni risasi moja imekwenda wapi. Ile "baadaye" niliyoiahidi haikuwa na tarehe wala mtu wa kuisimamia.

Watu husema serikali ndiyo inayowavumilia wachochezi wenye silaha. Ni kweli, lakini hapa kwetu serikali ilivumilia kwa sababu mimi nilivumilia kwanza. Waziri hakumjua kijana yule. Mimi nilimjua tangu akiwa na kaptula. Utaratibu ulikuwa umeniweka pale kwenye kikao kwa sababu hiyo moja tu, kwamba ninamjua, na ujuzi huo ndio niliouficha.

Mama yule nilimfuata kwake baadaye nikamwambia ukweli: ile bunduki ilikuwa yetu. Alinipa chai. Msamaha hakuutaja, nami sikuuomba.

Nawaandikia mnaokaa kwenye kamati hizo leo, maana polisi wa akiba wanaandikishwa tena na karatasi zitafika. Ukilikuta jina unalojua ni la mtu wa chuki, likate hapo hapo kikaoni, mbele ya watu, na sababu iandikwe. Orodha ya kijiji ivuke mto, wazee wa baraza letu la Gasa na wa Matadeda, baraza la Waorma, waisome pamoja kabla ya muhuri. Na mkikosa vijana walio tayari kumlinda jirani asiye wa kabila lao, irudisheni karatasi ikiwa tupu.