Niachie Mwiko

Ukitaka kujua mtu ana nguvu kiasi gani mkononi hapa Nairobi, huhitaji mashine. Mpe jinzi iliyolowa maji aikamue. Mpe mwiko na sufuria ya ugali wa watu watano. Mpe mtungi wa lita 20 aupandishe hadi ghorofa ya nne siku ambayo mfereji umekauka. Mwambie ashikilie chuma cha matatu wakati dere ameamua kukata kona kama anafukuzwa. Hakuna anayeita hayo mazoezi. Ni maisha tu, mpaka siku mkono unakataa.

Wangu ulianza kukataa nikiwa na miaka 21, mwaka wa tatu chuoni. Asubuhi vidole vilikuwa vimekakamaa, na saa nzima ingepita kabla vikubali kufunga kitufe cha shati. Kwenye mtihani wa saa tatu, kalamu ilikuwa inanianguka kuanzia swali la pili. Nikaomba niongezewe muda. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine, zote zikitaka barua ya daktari, na daktari mwenyewe alikuwa bado anatafuta jina la kinachonisumbua. Semesta mbili zikapita hivyo, nikatoka. Siku hizi naandika kwa malipo. Siku mbaya naongea na simu, yenyewe inaandika, halafu narekebisha kwa kidole kimoja.

Jina lilipopatikana, likaleta shida yake. Kwa Kiswahili ugonjwa wangu unaitwa baridi yabisi. Yabisi ni kukauka, kuwa kigumu, na hapo sina neno. Shida ni hiyo baridi. Kila shangazi na kila jirani tayari ana jibu: ni kuosha vyombo na maji baridi, ni kutovaa soksi Julai. Wueh. Baridi inaweza kuifanya siku yangu iwe mbaya zaidi, lakini si yenyewe iliyoniletea haya. Ni kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na viini, ndiyo imegeuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na ugonjwa hausubiri mtu azeeke.

Na si uvivu. Mwaka 1967, daktari Christiaan Barnard alifanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu mwingine, pale Cape Town. Alikuwa tayari anaishi na ugonjwa huu. Mwaka 1983 aliacha upasuaji kwa sababu ya mikono yake. Ukiniambia nijikaze, namfikiria huyo.

Viungo ndivyo hupata huruma yote, kwa sababu vinavimba na mtu anaviona. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mwaka wa kwanza ni kwamba misuli nayo huondoka, tena kimya kimya. Kemikali zilezile zinazovimbisha viungo husambaa kwenye damu na kuufanya mwili uvunje protini ya misuli haraka kuliko unavyoijenga. Maumivu nayo yanakufanya usiutumie mkono, na mkono usiotumika hudhoofika. Hata vidonge vya stiroidi, ambavyo vimeniokoa siku nyingi, vikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza misuli. Na mzani hautakuambia. Misuli ikitoka, mafuta yanaweza kushika nafasi yake, kilo zikabaki zilezile. Watu walikuwa wananiambia nimenawiri, na mimi nikiangalia bonde lililojichimba nyuma ya mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada.

Kliniki walinipa kifaa kinachoitwa dainamomita nikifinye kwa nguvu zangu zote. Mkono wa kulia ulileta kilo 11. Wanawake wa umri wangu kwa kawaida hukaribia 30. Niliiangalia hiyo 11 kama matokeo ya mtihani ambao sikuwa nimesajiliwa kuufanya.

Mathe alipoisikia, alichukua kila kitu. Nguo zangu akafua yeye. Sukuma akakata yeye. Hata chupa ya maji ilikuwa inanifikia ikiwa imefunguliwa tayari. "Keti, mwanangu, pumzika," kila siku. Ni upendo, sitasema vinginevyo. Lakini kufikia Desemba mkono wangu haukuwa na kazi yoyote isipokuwa simu na kijiko.

Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyenieleza kuhusu utafiti uliofanywa Uingereza na watu 490 wenye baridi yabisi ya mikono, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Waliofuata mpango wa kunyoosha na kuimarisha mikono waliweza kuitumia vizuri zaidi baada ya mwaka kuliko waliopata huduma ya kawaida, na maumivu yao hayakuongezeka. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Methotreksati yangu nameza mara moja kwa wiki, na bila hiyo nisingeshika chochote. Lakini dawa hutuliza moto. Misuli lazima uijenge mwenyewe: kukunja taulo na kuifinya, kupanua vidole ndani ya raba, kukanda donge la unga. Siku viungo vimevimba na vina joto, unapunguza.

Kumwambia mathe ndiyo ilikuwa kazi ngumu.

"Mama, niachie mwiko."

"Na ukiungua?"

"Nitasema ukinilemea."

Akanyamaza, halafu akatoa lililokuwa linamkaa rohoni: "Unataka watu waseme nakufanyisha kazi na wewe ni mgonjwa?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Wakati mimi nilikuwa napigania mkono wangu, yeye alikuwa anapigania jina lake kama mama. Hatukumaliza hayo maneno jikoni siku moja. Tulichofika ni makubaliano: siku vidole vimevimba, anachukua kazi bila kuniuliza. Siku nyingine ugali naanza mimi, nasonga hadi unapoanza kushika, halafu yeye anamalizia. Wageni wakija, yeye ndiye huwaambia kwamba daktari ameagiza.

Baada ya miezi minane nilifinya tena kile kifaa. Kilo 16. Mfuniko wa jamu bado unanishinda, na chuma cha matatu nakizungushia mkono mzima, si vidole. Ila vitufe nafunga mwenyewe, hata kama nachelewa.

Jumamosi tunafua pamoja. Shuka tunalikamua wawili, kila mtu na ncha yake, yeye akizungusha huku na mimi kule. Ncha yangu inatoa maji kidogo kuliko yake. Zamani angelivuta lote amalize peke yake. Sasa anashikilia upande wake tu, ananingoja, kisha anasema, "Zungusha tena."