Natokea, Naishi, Mimi Ni

Somo la kwanza la Kijerumani halina makuu. Ich komme aus Tansania: natokea Tanzania. Ich wohne in Dar es Salaam: naishi Dar. Ich bin Tansanierin: mimi ni Mtanzania. Dakika kumi tu, darasa zima mnaitikia kama kwaya.

Hiyo ya tatu ndiyo ina vijimambo. Kiswahili kinasema "Mtanzania", awe mke au mume. Kijerumani kinauliza kwanza jinsia: mwanaume ni Tansanier, mimi naongezewa -in mkiani. Halafu wale tuliozoea Kiingereza tunataka kuchomeka "eine" hapo katikati. Haihitajiki.

Lakini kwangu uzito wa sentensi hii hauko kwenye sarufi. Kwetu ni Runazi, Biharamulo. Ukielekea magharibi unaingia Ngara, na mbele yake ni Rwanda na Burundi. Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja; mgeni hawezi kuvitofautisha. Aprili 1994, ndani ya siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Julai 2013, Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke, na Operesheni Kimbunga ikafuata. Wakaondoka hata watu walioishi mkoani kwa miaka mingi, wakaacha mashamba na ndoa.

Kwa hiyo kwetu "wewe ni wa wapi?" si salamu. Nimeshaulizwa ndani ya basi, kitambulisho mkononi, Kiswahili kimenyooka, na bado likaja swali la pili: babu yako kazikwa wapi?

Darasani niliulizwa "Woher kommst du?" nikajibu, na mwenzangu akapokea tu, akasubiri zamu yake. Nikajikuta nasubiri swali la babu. Halikuja.

Ndipo nikaona kitu ambacho kitabu cha wanaoanza kinakifanya bila kukusudia. Kinatenganisha natokea, naishi na mimi ni. Sisi huwa tunazikoroga, eti ukijua mtu katoka wapi umeshajua yeye ni nani. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao, wengi wakiwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mama wa makamo wa Mishamo akijifunza Kijerumani leo ataandika: Ich komme aus Burundi. Ich bin Tansanierin.

Mwalimu hatakuwa na cha kusahihisha hapo. Sentensi zote mbili ni za kweli, na kati yake pana nukta tu. Si mpaka.